Boriti ya Saba na Majiko Manne

Gundi inaogopa baridi kuliko kifaranga. Hilo nilijifunza kwenye karakana moja chini kidogo ya Olmotonyi, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu hushuka kutoka msituni alfajiri na kukaa mpaka saa tano, kama mgeni asiye na haraka ya kuaga. Tulikuwa tunatengeneza boriti za ukumbi wa muziki. Hazikuwa boriti za kuchanwa kwenye gogo moja. Zilikuwa mbao nyembamba za misindano, kumi na mbili, moja juu ya nyingine, zimepakwa gundi na kubanwa kwa klampu za chuma mpaka ziwe kitu kimoja kirefu kuliko lori. Baridi ikiingia kabla gundi haijakomaa, mbao zinashikana kwa uongo. Kwa macho huoni kitu.

Kwa hiyo tulizilea boriti kama watu wanavyolea vifaranga. Tulizifunika kwa turubai, tukapanga majiko manne ya mkaa pembeni, kutoka mwisho wa mashariki hadi mwisho wa magharibi, tukaninginiza vipimajoto viwili, na mtu mmoja akakaa pale na daftari, kila saa anaandika joto. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Sikuwa fundi. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sikuwahi kukaa kazi moja zaidi ya mwaka. Nimebeba mizigo ya watalii mlimani, nimeshuka mashimo ya Mererani, nimekata maua Usa River, nimekuwa utingo wa lori la nyanya. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Pale karakana nilikuja kupakua mbao kwa siku mbili. Siku ya pili nikamuuliza yule mama msanifu, aliyechora ukumbi, kwa nini anaamini mbao hazitaungua na watu ndani. Akanieleza kwamba mbao nene ikishika moto hujivika mkaa nje, na ule mkaa ndio unaoikinga iliyo ndani. Sikumwamini. Nilichukua kipande, nikakitupa kwenye jiko la mama yangu kule nyumbani, mtaa wa Kwa Mrombo, nikakiacha saa nzima, kisha nikakipasua kwa shoka. Ndani kilikuwa cheupe kama muhogo. Kesho yake nilimpelekea.

"Sasa wewe nitakufanya nini?" akasema huku anacheka. "Haya, kuna kazi ya mtu mwenye maswali."

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga makofi. Alitaka kujua sauti inavyokufa katika nyumba za huku kwetu, ili aamue ukumbi uwe na kimo gani na kuta zake ziwe tambarare au za kukunjakunja. Sauti ikikawia sana, alisema, maneno ya kwaya yanakanyagana. Ikifa haraka, kila mwimbaji anajisikia yuko peke yake shambani. Basi nikawa naingia makanisani, kwenye maghala ya mahindi na madarasa yaliyo tupu, napiga kofi moja, nasikiliza, nahesabu, naandika. Kwenye ghala moja mlinzi alinifuata na rungu. Nilipomweleza, naye akapiga kofi lake, akasikiliza, akasema, "Hili langu limekaa zaidi ya lako."

Halafu nikatengeneza mfano wa ukumbi, mdogo wa kuwekwa mezani, wenye boriti nane na paa la kufunua. Mama msanifu aliniambia nijaze watu. Nikapanga punje za mahindi kwenye viti, na pale mbele, chini ya boriti ya saba na ya nane, nikapanga maharage mekundu, ndiyo kwaya. Harage moja nililiweka pembeni kushoto. Huyo alikuwa mama yangu. Anaimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, na kwaya yao ilikuwa imealikwa kuimba siku ya kwanza.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kimeru, mzee wa kanisa, aliyetengeneza madawati na majeneza maisha yake yote kabla ya kufundishwa kazi hii ya boriti. Boriti tulizibana Jumamosi ili Jumapili zipumzike kwenye klampu. Jumapili yeye hagusi randa. Lakini moto lazima uwepo, na mtu wa kuulinda lazima awepo.

"Wewe huna kanisa," aliniambia, "kwa hiyo utakaa na majiko. Mungu atakuona hapohapo ulipo."

Wiki sita nilikaa na majiko, na daftari langu lilikuwa la kweli. Jumapili ya saba ilikuwa ya kipaimara.

Asubuhi nilichochea majiko yote manne, nikaandika saa mbili, saa tatu, saa nne. Kisha nikasikia tarumbeta. Gari dogo la wazi lilikuwa linapanda barabara ya vumbi na bendi nyuma yake, watoto wa kipaimara wamevaa nguo nyeupe, na njia yao ilipita katikati ya msitu wa misindano. Nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: sauti ya tarumbeta ikiingia katikati ya zile safu za miti iliyonyooka ilikuwa inarudi laini, imeondolewa makali. Nikafikiri, hizi ni nguzo tu. Ukumbi wetu nao utakuwa na nguzo za mti huuhuu. Nilitaka kusikia zaidi kidogo. Nikafuata hatua hamsini, nikafuata mpaka kwenye kona, nikafuata mpaka kanisani, na kanisani nikakaa nyuma nikihesabu namna sauti inavyokufa chini ya bati. Baadaye mtu akanipa sahani ya pilau, na sahani ya pilau ya kipaimara hairudishwi.

Nilirudi saa tisa. Siku hiyo ukungu haukuondoka, na turubai lilikuwa limelowa. Jiko la mashariki, lile nililokuwa nakaa karibu nalo na ndilo nililolijaza kuliko yote, bado lilikuwa na makaa. Mengine matatu yalikuwa majivu. Nilitia mkono chini ya turubai upande wa magharibi, nikagusa ubavu wa boriti, ukawa wa baridi kama ubavu wa ng'ombe aliyekufa.

Niliwasha moto upya. Kufikia saa kumi joto lilikuwa limerudi. Daftari lilikuwa na nafasi wazi tano. Nilizijaza zote kwa namba ya saa nne, nikibadilisha kidogo hapa na pale ili zifanane na ukweli. Jumatatu fundi mkuu alisoma, akatia sahihi, akaifungua boriti. Ilikuwa nzuri. Alipitisha kiganja juu yake urefu wote.

"Hii ndiyo bora kuliko zote," akasema.

Tangu siku hiyo sikuogopa tena moto wala mchwa, vitu ambavyo watu wa mjini walikuwa wananiuliza kila nikisema nafanya kazi gani. Niliogopa namba tano nilizoziandika kwa mkono wangu. Nilianza kusikia vitu. Bati la karakana likipata jua na kulia, nilishtuka. Mama yangu akijaribu nyimbo zake huku anachambua mchicha wa kupeleka sokoni, nilitoka nje. Pale mezani, kwenye mfano, nilipokuwa naweka viti, macho yangu yalikwenda kwenye lile harage la pembeni, na mara mbili nililihamisha, nikaliweka chini ya boriti ya tatu, kisha nikalirudisha, kwa sababu sauti ya pili husimama kushoto na mama msanifu angeuliza.

Kulikuwa na njia ya kujua. Kila boriti ilipokamilika, ncha zake zilikatwa ziwe sawa, na kipande cha mwisho wa mashariki kilihifadhiwa kwenye rafu kikiwa na namba. Kupima ni kukichemsha kipande, kukikausha, kisha kutazama mistari ya gundi kama imefunguka. Tulikuwa tumechemsha vipande vichache tu. Vya boriti zenye daftari safi fundi mkuu aliona havina haja. Siku moja mchana nilichukua kipande namba saba, nikakitia kwenye begi, nikaenda nacho Kwa Mrombo.

Mama alinikuta uani, nimebandika sufuria kubwa jikoni.

"Unapika nini?"

"Mbao."

Alifunua mfuniko, akachungulia. "Utaweka na chumvi?"

"Mama, nina kazi."

"Nimezaa watoto wanne," akasema, akirudisha mfuniko, "watatu wanapika chakula."

Nilikichemsha saa kadhaa, nikakikausha juani siku mbili, nikakileta karibu na uso na kupitisha ukucha kwenye kila mstari. Mistari kumi na moja. Yote ilikuwa imeshika. Niliketi chini nikacheka peke yangu. Usiku ule nililala, na wiki mbili zilizofuata nilikuwa mtu mwepesi. Boriti ya nane tukaibana, tukaifungua. Kule kiwanjani, nje kidogo ya Usa River, msingi wa zege ulikuwa umemwagwa kwa boriti nane. Barua za kualika kwaya zilikuwa zimetoka.

Kisha siku moja nilikuwa nazoa majivu ya majiko. Hakuna kilichotokea zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeinama, naanza jiko la mashariki, naelekea la magharibi, na ghafla nikasimama na koleo mkononi. Kipande nilichochemsha kilikuwa cha mashariki. Jiko la mashariki ndilo lililobaki na moto. Nilikuwa nimepima ule mwisho ambao haukuwahi kuona baridi.

Vipande vya magharibi havikuhifadhiwa. Vilikuwa vinaingia kwenye majiko kama kuni za kuwashia. Nilikuwa nimekichoma mwenyewe.

Nilifikiria kuondoka. Ndivyo nilivyofanya kila mahali: nikishaelewa, naondoka. Basi la kwenda Babati lilikuwa linapita barabara kuu kila siku. Lakini boriti ingepandishwa baada ya siku tisa, na mama yangu angekuwa chini yake akifungua mdomo kuimba, na mimi Babati nikiangalia simu.

Nilimwambia mama kwanza. Nilidhani atapiga kelele. Aliendelea kufunga mafungu ya mchicha mpaka akamaliza.

"Huyo fundi ni Mmeru?"

"Ndiyo."

"Na huyo mama anayechora?"

"Naye pia."

Akaenda kwenye uzio wetu, ule wa masale yaliyopandwa na bibi, akachagua jani moja refu, akalifunga fundo katikati, akanikabidhi. Kila mtu wa mlimani anajua maana yake. Aliyekosa akimpelekea sale aliyekosewa, aliyekosewa hawezi kumfukuza kabla ya kumsikiliza, na akishasikiliza hawezi kubaki na kisasi.

"Peleka kabla halijanyauka," akasema.

Fundi mkuu alikuwa ananoa randa. Nilisema, "Shikamoo mzee," akasema, "Marahaba," kisha akaliona jani mkononi mwangu na mkono wake ukasimama juu ya jiwe.

"Nani amekufa?"

"Bado," nikasema.

Nilimweleza yote: tarumbeta, pilau, majivu, zile namba tano. Alisikiliza akiwa ameshika lile jani kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Nilipomaliza aliliweka jani juu ya meza.

"Ungekuja bila hili jani," akasema, "ningekupiga na hii randa. Unajua?"

"Najua, mzee."

"Ndiyo maana umelileta."

"Mama ndiye aliyelichuma."

"Mama yako ana akili. Wewe umefanana na nani?" Akasimama. Nilimwona amezeeka ghafla. Sahihi iliyokuwa chini ya zile namba tano ilikuwa yake. "Sale inasamehe mtu. Mbao haijui sale. Twende tukaikate."

Boriti ya saba, kama nyingine zote, ilikuwa imeachiwa kila mwisho kiganja kimoja cha ziada, cha kusawazishia siku ya kuipandisha. Fundi mkuu alikata kipande cha magharibi mwenyewe. Mama msanifu aliitwa kwa simu, akaja na matope ya kiwanjani kwenye viatu. Nilimpa heshima yake, nikamweleza tena mwanzo hadi mwisho. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Boriti ipi?" na nilipojibu akafumba macho, kwa sababu alijua ipo juu ya nani.

Tulichemsha kipande pale karakana mbele ya watu wote, na siku mbili kikakauka juu ya meza, kila mmoja akipita anakitazama kama maiti inayosubiri ndugu. Siku ya tatu fundi mkuu alichukua kisu chake cha kupandikizia kahawa, chenye bapa jembamba, akakiweka kwenye mstari wa nne. Kisu kiliingia. Hakukisukuma, kiliingia chenyewe mpaka kwenye mpini. Mstari wa tano, vilevile. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Yesu wangu," kwa sauti ya chini. Nilipotazama, mama msanifu alikuwa anaangalia juu, kwenye paa la karakana, ambalo hata halikuwa lake.

"Niambie na nyingine," fundi mkuu akaniambia.

"Hakuna nyingine, mzee."

"Niambie tena."

"Hakuna nyingine."

"Mara ya tatu."

Nikasema mara ya tatu. Ilikuwa kweli, na mimi mwenyewe sikuisadiki. Hata hivyo boriti zote saba zilizobaki zilikatwa ncha zote mbili, vipande vikachemshwa, mistari ikapimwa kwa kisu kilekile. Zilikuwa nzima.

Mbao za boriti nyingine hazikuwepo. Kuzikausha ni miezi, na mvua za vuli zilikuwa njiani. Mama msanifu alikaa mbele ya mfano mchana mzima bila kuchora chochote. Mwisho akachukua koleo dogo la waya, akaing'oa boriti ya nyuma kabisa, kwa kuwa sasa tulikuwa na saba tu, akakata ukuta wa nyuma kwa kisu, akausogeza ndani. Ukumbi ukawa mfupi kwa nafasi moja. Safu mbili za viti zikabaki nje ya ukuta, na alipoinua kile kipande punje za mahindi zikamwagika mezani, nyingine zikaanguka sakafuni. Alianza kuziokota moja moja. Niliinama kumsaidia.

"Acha," akasema. "Niziokote mimi."

Hilo ndilo pekee alilonikemea.

Hakunifukuza mtu. Jani lilikuwa limefanya kazi yake. Lakini daftari alipewa mwingine, na mimi nilipewa msumeno nikaikate boriti ya saba, niitoe vipande, peke yangu. Upande wa mashariki ulikuwa mgumu, msumeno ulilia. Nilipofika magharibi mbao zilianza kuachana zenyewe kabla jino halijafika, moja baada ya nyingine, kwa mlio mdogo kama mtu anayefungua mdomo mkavu. Mlio huo bado ninao.

Siku ya ufunguzi mvua ilinyesha. Ukumbi ulijaa, na waliokosa viti walisimama nyuma, kwenye lile zege lililomwagwa kwa boriti nane na kufunikwa na saba. Limezidi ukuta kwa hatua tano. Paa limetokeza kidogo juu yake, kwa hiyo akina mama wenye watoto wanaolia hutoka kusimama hapo, na nasikia siku hizi linaitwa baraza, kana kwamba lilichorwa hivyo. Mimi nilisimama hapo na fundi mkuu, mlango ukiwa wazi. Niliona kwaya ikipanda. Nilimwona mama yangu kushoto, pembeni kabisa, gauni la bluu.

Jirani yangu, mzee mmoja aliyekuja na mwavuli, alitazama chini, akatazama ukuta.

"Hapa mlikosea vipimo?" akamuuliza fundi mkuu.

"Vipimo vilikuwa sawa," fundi mkuu akasema. "Muulize huyu."

Nikamweleza. Niliharakisha, kwa sababu walikuwa wanakaribia kuanza: majiko manne, tarumbeta, zile namba, kisu kilivyoingia. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa. Kisha akainua macho, akaliangalia paa lililotokeza juu yetu, akalifuata kwa macho mpaka ndani, boriti moja, mbili, tatu. Alifungua mwavuli wake, akatoka akasimama kwenye mvua.

Sikumlaumu. Na mimi miguu yangu ilitaka kutoka. Ndani kwaya ilivuta pumzi, ile pumzi moja ya watu wengi, nami nikabaki chini ya paa, kwa sababu mama yangu alikuwa chini yake.